Mgonjwa haulizwi uji, lakini miguu aulizwe!

Leo nina dukuduku na nitalitoa lote, anayekasirika akasirike.

Sisi Watanzania tuna ugonjwa wa kuhesabu. Tunahesabu madarasa, tunahesabu madawati, tunahesabu visima (hata visivyotoa maji!), na siku hizi tunahesabu mashine za kusafisha damu. Mheshimiwa anakuja, anakata utepe, anapigwa picha pembeni ya mashine, halafu sisi waandishi wa habari tunaandika mashine ni ngapi na zimegharimu shilingi ngapi. Kesho yake tumeshahamia kwenye habari nyingine. Sijawahi kusoma habari hata moja ya Kiswahili iliyouliza: hivi huyu mgonjwa wa figo akishatoka kwenye hiyo mashine, usiku analala?

Wengi wao hawalali. Na kinachowanyima usingizi, mbali na mawazo na madeni, ni miguu yao wenyewe.

Hebu niwaeleze ilivyo. Mtu amelala saa tatu usiku, amechoka kama aliyelima shamba la heka tatu. Haipiti robo saa, miguu inaanza. Wapo wanaosema inauma, lakini wengi wanakwambia si maumivu hasa. Ni kitu kinachotambaa ndani kwa ndani, chini ya goti, kama sisimizi wameitisha kikao kwenye mfupa. Kinawasha mahali pasipokunika. Kinavuta. Mtu anasikia kwamba asipoisogeza miguu sasa hivi atapiga kelele. Anaisogeza, anapata nafuu. Anatulia, kinarudi. Anainuka na kutembea, kinaacha kabisa. Anarudi kitandani, kinaanza upya. Hivyo hivyo hadi jogoo anawika.

Huo ni ugonjwa, jamani. Si uzee, si uvivu wa kulala, na wala hakuna aliyemtupia mtu jini. Unaitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliuandika tangu mwaka 1672. Katika miaka ya 1940 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, akauchambua kwa kina na kuupa jina linalotumika mpaka leo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia ni mambo mapya ya kwenye intaneti. Una umri wa miaka zaidi ya 350 kwenye vitabu vya udaktari.

Kwa watu wa kawaida wa Ulaya na Marekani, tafiti nyingi zinautaja kwa watu wazima 5 hadi 10 katika kila 100. Kwa wanaosafishwa damu kwa muda mrefu, namba inayotajwa sana ni 20 hadi 30 katika kila 100, na zipo sehemu imezidi hapo. Saudi Arabia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta takriban nusu ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine wanao. Kwa hiyo ukiingia kwenye chumba chenye viti kumi vya kusafishia damu, tegemea kwamba wawili au watatu kati ya waliokaa pale wana hili tatizo. Waulize majina ya dawa zao, watakutajia. Waulize kama kuna mtu aliwahi kuwauliza habari ya miguu...

Sasa twende Kilosa na Mikumi, maana huko ndiko hasira yangu ilikozaliwa.

Mnaoijua barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa mnaijua Mikumi. Wengi mnaijua kwa twiga na tembo. Unapita Melela, unapita Doma, unaingia kwenye takriban kilomita 50 za barabara inayokata ndani ya hifadhi, matuta kwa matuta, halafu unatokea mji mdogo wa Mikumi. Kutoka Morogoro mjini ni karibu kilomita 120. Mtalii anaona raha. Sasa mchukue mtu wa Mikumi ambaye figo zake zimekufa, na kiti chake cha kusafishia damu kiko Morogoro mjini. Ratiba kamili ni mara tatu kwa wiki. Kilomita 240 kwenda na kurudi, mara tatu, ni kilomita 720 kwa wiki. Na huyo ana nafuu! Mwenye kiti Dodoma au Dar es Salaam sijui nimhesabie vipi. Ndiyo maana wengine wanaishia kupanga chumba mjini na kuacha familia, na wengine wanapunguza safari hadi mbili au moja kwa wiki, kwa sababu mfuko hauruhusu.

Wa Kilosa mjini naye anazunguka kwa Dumila. Angalau sasa treni ya umeme inasimama Kilosa tangu ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, na mle ndani mtu anaweza kuinuka akatembea kwenye behewa. Lakini wa Ulaya (Ulaya ya Kilosa, msianze kucheka), wa Kidodi, wa Malolo na wa vijiji vya milimani, hao mpaka wafike stesheni ni safari nyingine.

Sasa jumlisha. Ugonjwa wenyewe unachokozwa na kukaa umetulia, na unachachamaa kuanzia jioni. Huyu mtu anakaa kwenye basi saa mbili au tatu, siti ya dirishani, mbele yake kuna gunia la mchele wa Ifakara na mtoto wa jirani amelala mapajani kwake. Hawezi kunyoosha goti. Anafika, anafungwa kwenye mashine saa nne, sindano mbili nene mkononi, anaambiwa asitikisike. Anatoka, anarudi kwenye basi, giza linaingia akiwa bado yuko hifadhini. Anafika nyumbani, anatafuta usingizi. Tumemtengenezea siku nzima ya kuuamsha ugonjwa, halafu usiku tunamwachia apambane nao peke yake.

Mama mmoja wa Mikumi niliyewahi kuzungumza naye aliniambia hivi: "Mwanangu, sindano nimezizoea. Njaa nimeizoea. Kiu ndiyo usiseme, maana maji yenyewe tunapimiwa. Lakini hii miguu... kuna siku namwomba nesi anitoe kabla ya muda. Namwambia nimebanwa haja, kumbe nataka tu kusimama."

Nikamuuliza, mama, umewahi kumwambia daktari?

"Nimwambie nini? Kwamba miguu inanitekenya? Wenzangu wanakosa hela ya kuja, mimi nilalamikie kutekenywa?"

Rudieni kusoma hayo maneno. Mama anatoka kwenye mashine kabla ya wakati, damu haijasafishwa sawasawa, na anaona AIBU kusema sababu. Halafu sisi tunaandika kwamba mashine zipo.

Mzee mwingine wa upande wa Kilosa yeye shida yake ilikuwa kubwa zaidi. Saa nane za usiku anainuka, anatoka nje, anazunguka nyumba yake mara ishirini, thelathini. Ndiyo dawa pekee aliyoigundua. Mnajua kijijini kwetu mzee anayezunguka nje saa nane za usiku anaitwaje? Wote mnajua. Mbwa wanabweka, majirani wanachungulia, asubuhi maneno yanaanza. Alianza kutembea ndani ya chumba, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, ili asije kupigwa mawe. Nchi yetu imewahi kuzika vikongwe kwa sababu ya macho mekundu. Mtu asiyelala usiku macho yake yanakuwa ya rangi gani?

Nisieleweke vibaya. Siwalaumu manesi wa pale kwenye mashine. Wanafanya kazi ngumu, wanawafahamu wagonjwa wao kwa majina, wengine wanachanga hela zao za mfukoni. Ninaloshambulia ni utaratibu mzima ambao unampima mgonjwa uzito, presha na damu kila anapokuja, lakini kwenye karatasi yake hakuna hata mstari mmoja wa kuandika kama amelala.

Nimeshasikia utetezi wa namna tatu. Niujibu mmoja mmoja.

Utetezi wa kwanza: "Huo ni ugonjwa wa Wazungu."

Ni kweli kwamba mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwa wananchi wa kaskazini mwa Tanzania, na waliokutwa na ugonjwa huu walikuwa wachache mno. Wapo wanaoukumbatia utafiti huo kama hati ya kutuachia huru. Lakini soma vizuri: ule ulikuwa utafiti wa watu wa kawaida mitaani na vijijini. Hawakuwa watu ambao figo zimekufa na wanaishi kwa mashine. Ugonjwa unaweza kuwa adimu kwa mkulima mzima wa afya na ukawa wa kawaida kabisa kwa mwenye figo mbovu. Sababu zake ni tofauti.

Tena kuna suala la lugha. Utamuuliza vipi mtu habari ya ugonjwa ambao Kiswahili chake hakina jina linalojulikana? Mmoja anasema ganzi. Mwingine miguu inawaka moto. Mwingine inatekenya, inachomachoma, inavuta, inanichosha roho. Daktari kijana aliyesoma vitabu vya Kiingereza anasikia "ganzi" na anaandika matatizo ya mishipa ya fahamu. Anasikia "inawasha" na anaandika mzio. Kila neno linampeleka kwenye dawa isiyo yake.

Utetezi wa pili: "Tuna matatizo makubwa kuliko miguu."

Huu ndio unaonichefua. Eti watu wanakufa kwa kukosa mashine kabisa, wewe unazungumzia usingizi! Sawa. Tuzungumze habari za kufa basi. Mwaka 1996 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 204 waliokuwa kwenye mashine. Mmoja katika kila watano alikuwa na miguu isiyotulia kwa kiwango cha kusumbua. Walipofuatiliwa kwa miaka miwili na nusu, wenye tatizo hilo ndio waliokuwa wakikatisha vipindi vyao kabla ya muda, na ndio waliokufa zaidi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba miguu ndiyo iliyowaua, na mimi sitasema hivyo. Lakini mtu akikatisha kipindi, maji na sumu vinabaki mwilini. Hilo halihitaji profesa.

Na tuzungumze habari za fedha, maana hiyo ndiyo lugha tunayoielewa. Kipindi kimoja cha kusafisha damu ni fedha nyingi, iwe inalipa bima, inalipa serikali, au mtu ameuza ng'ombe. Ukilipia saa nne, mgonjwa akavumilia tatu kwa sababu miguu inamtesa, umetupa robo ya fedha yako. Dukani kwa Mangi ukipunjwa robo kilo ya sukari utamwaga matusi, hospitali tunapunjwa robo ya uhai na tunanyamaza. Anayesema miguu ni jambo dogo hajui hata kupiga hesabu zake mwenyewe za mashine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nawaomba hao wanaosema ni jambo dogo wajaribu usiku mmoja tu kutembea chumbani hadi alfajiri, halafu saa kumi na moja wapande basi la Morogoro.

Utetezi wa tatu: "Hata tukijua, dawa hakuna."

Si kweli! Na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Kwanza, baadhi ya dawa tunazowapa ndizo zinazowasha moto. Wagonjwa wengi wa figo wanawashwa ngozi, basi wanapewa Piriton au Phenergan. Wanasikia kichefuchefu, wanapewa Plasil. Wanalalamika ganzi na kukosa usingizi, wanaandikiwa amitriptilini. Dawa hizo zote zinatajwa kwenye vitabu vya tiba kwamba zinaweza kuufanya ugonjwa wa miguu isiyotulia uwe mbaya zaidi. Mnaliona duara hilo? Mtu hawezi kulala kwa sababu ya miguu, anapewa kidonge cha kumlaza, kidonge kinachochea miguu, anarudi kulalamika, anaongezewa kidonge. Kupitia orodha ya dawa za mgonjwa na kuuliza "hiki cha kazi gani?" kunagharimu kiasi gani? Kunagharimu kalamu.

Pili, madini ya chuma. Wataalamu wanaeleza kwamba ubongo unahitaji chuma ili utengeneze na kutumia vizuri kemikali iitwayo dopamini, ambayo pamoja na mambo mengine inaongoza miondoko ya mwili. Chuma kikipungua ubongoni, miguu inakosa utulivu. Na mgonjwa wa mashine anapungukiwa chuma kirahisi: kila kipindi anaacha damu kidogo kwenye mipira na chujio, anachukuliwa damu ya vipimo kila mara, na mwili wenye figo mbovu hauvuni chuma cha kwenye chakula sawasawa. Vipimo vya akiba ya chuma vipo, na chuma cha kupitia mshipa kinaweza kutolewa akiwa pale pale kwenye mashine. Lakini ni lazima KUPIMA kwanza, kwa sababu wapo wagonjwa wenye chuma kingi kupita kiasi, na kuwaongezea ni kuwaumiza. Kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu kwa sababu umesoma kwangu.

Tatu, ipo gabapentini. Ni dawa ya zamani, inatengenezwa na viwanda vingi, si dawa ya kifalme. Januari 2025 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilichapisha mwongozo mpya, na kwa wagonjwa ambao figo zimekufa kinashauri hiyo gabapentini, pamoja na chuma cha mshipani kwa wale ambao vipimo vinaonyesha kimepungua. Mwongozo huo huo umeshauri madaktari waache kukimbilia zile dawa za kuiga dopamini, kama pramipeksoli, zilizosifiwa sana miaka ya nyuma, kwa sababu zikitumika muda mrefu ugonjwa hugeuka: unaanza mapema zaidi mchana, na unaweza kupanda hadi mikononi.

Ila gabapentini nayo ina masharti. Hutolewa mwilini na figo, na hawa figo hawana. Dozi ya mtu mzima wa afya inaweza kumlewesha mgonjwa wa figo mpaka aanguke, achanganyikiwe au ashindwe kupumua vizuri. Kwa hiyo ni dozi ndogo, kwa kawaida baada ya kusafishwa damu, chini ya daktari anayejua. Ukimpelekea mama yako vidonge alivyotumia jirani mwenye mgongo, unaweza kumuua. Nimesema!

Nne, mwendo wenyewe. Sehemu mbalimbali duniani, Ugiriki ikiwemo, wamewapa wagonjwa baiskeli ndogo ya kukanyaga kwa miguu wakiwa wamelala kwenye mashine, na dalili zikapungua. Sisi tunaambiwa "usitikisike". Mkono wenye sindano usitikisike, ndiyo. Miguu imekosa nini? Sisemi kesho Morogoro zinunuliwe baiskeli. Nasema mgonjwa aruhusiwe kukunja na kukunjua magoti, akandwe, abadilishiwe mkao, bila kugombezwa kama mtoto wa chekechea.

Na iko ya tano, ambayo ni kubwa kuliko zote: figo mpya. Wagonjwa wachache waliofuatiliwa huko Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walipata nafuu ya miguu ndani ya siku chache hadi wiki tatu baada ya kupandikizwa. Upandikizaji tunao sisi wenyewe: Muhimbili walianza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Lakini ni wangapi kutoka Kidodi au Ulaya wataifikia hiyo meza ya upasuaji? Kwa wengi hao safari ni ile ile ya basi, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana nazungumzia miguu.

Sasa mtasema kijana, umelalamika sana, unataka nini? Nataka mambo matano, na yote yanawezekana.

Moja. Kila mgonjwa wa mashine aulizwe maswali manne angalau kila mwezi, na majibu yaandikwe kwenye faili. Je, unasikia msukumo wa lazima wa kusogeza miguu, pengine na hisia mbaya ndani yake? Je, unaanza au unazidi ukikaa au ukilala? Je, unapungua ukitembea au kujinyoosha? Je, unazidi jioni na usiku? Akijibu ndiyo yote manne, daktari aambiwe, aangalie kama si kitu kingine kama mkakamao wa misuli, na aanze kazi. Maswali hayo ni ya dakika mbili. Kipindi ni saa nne. Muda upo!

Mbili. Orodha ya dawa za kila mgonjwa ipitiwe upya kwa jicho hilo, na wauguzi na wafamasia wa Kilosa na Mikumi washirikishwe. Hao ndio wanaokutana na mgonjwa siku ambazo hayuko kwenye mashine. Wiki ina saa 168, mashine inachukua 12 tu. Saa 156 zilizobaki mgonjwa yuko mikononi mwa zahanati, duka la dawa na jirani.

Tatu. Ratiba ya viti ipangwe kwa kuangalia umbali. Anayetoka Mikumi apewe zamu ambayo itamwezesha kurudi kukiwa bado mchana, na wa mjini mwenye kwenda nyumbani kwa bodaboda achukue zamu ya jioni. Kwa nini anayekaa karibu ndiye anayewahi kupata zamu nzuri? Ni kwa sababu yeye ndiye anayewahi kufika ofisini kuiomba. Basi!

Nne. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Vizuri sana. Waheshimiwa, mnapopanga nini kinalipiwa kwa mgonjwa wa figo, msiishie kwenye mashine na sindano. Wekeni vipimo vya chuma, chuma cha mshipani na dawa za miguu kwenye kifurushi hicho hicho. Ukimlipia mtu mashine na kumnyima usingizi, umejenga nyumba ukasahau mlango.

Tano, na hii ni yetu wenyewe wanahabari. Tuache kupiga picha mashine. Siku tukialikwa kwenye uzinduzi, mmoja wetu asogee kwenye kiti cha mwisho, ainame, amuulize mgonjwa: jana ulilala? Akishajibiwa ndipo aandike.

Na wewe mwenye baba, mama, shangazi au mume anayesafishwa damu, usisubiri mpango wa serikali. Leo usiku muulize. Akikwambia miguu inatekenya, usimcheke na usimwambie ashukuru Mungu yuko hai. Kushukuru anashukuru, wewe hujui tu anavyoshukuru akiwa anatembea saa nane za usiku. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zake zote, pamoja na zile za mitishamba, andika na hayo majibu manne, ampelekee daktari kipindi kijacho. Kama anaona aibu kusema, nenda naye ukaseme wewe. Chai na kahawa za jioni apunguze, sigara aache, na mwenye mikono ya huruma amkande. Haviponyi, lakini kwa baadhi ya watu vinapunguza makali.

Tumelelewa tukiambiwa mgonjwa haulizwi uji, unaupika tu na kumpelekea. Msemo mzuri, wa watu wenye huruma. Lakini hospitali zetu zimeugeuza: mgonjwa haulizwi chochote. Anapelekewa mashine, anapelekewa Piriton, anapelekewa bili. Uji pelekeni bila kuuliza. Kuhusu miguu, usingizi na safari ya kurudi Mikumi usiku, ULIZENI.

Mnasemaje wenzangu? Na kama mko na wagonjwa wa aina hii kwenye familia zenu, huko kwenu ule usumbufu wa miguu mnauitaje? Kila kabila lina neno lake, na pengine moja kati ya hayo ndilo Kiswahili kinalolihitaji.